Mlanguzi si mfanya magendo: maneno ya biashara haramu kando ya ziwa

Pale Mwaloni, Kirumba, kwenye soko la samaki la jiji la Mwanza, kuna saa ya asubuhi ambayo huwezi kusikia simu yako ikiita. Boti za visiwani zimefika, magunia ya dagaa yanashushwa, wabebaji wanapiga kelele za kuomba njia, na wanunuzi wa mbali wanazunguka wakichota dagaa kiganjani. Wananusa, wanatafuna mmoja, wanasikilizia kama ana mchanga. Asubuhi moja ya namna hiyo nilisimama nyuma ya kijana aliyetoka Migori, Kenya, akipatana bei na mama mmoja muuzaji. Mama alipomwona anatupia jicho meza ya jirani, akamwinamia sikioni.

"Mwanangu, kwa yule mzee usiende. Yule ni mlanguzi."

Kijana akarudi nyuma hatua moja. "Mlanguzi? Na polisi si wako hapo getini, mama?"

"Sasa polisi wamfanyeje? Dagaa si wake?"

Walitazamana kama watu waliopanda basi moja wakiwa na tiketi za miji tofauti. Kwa masikio ya kijana, mlanguzi ni mtu wa taarifa ya habari ya jioni: amenaswa na heroini, au amewatorosha wasichana kwenda kufanyishwa kazi nchi za mbali. Mama alichosema ni kwamba mzee yule hununua dagaa siku za giza, wanapovuliwa kwa wingi kwa taa, akawajaza stoo, kisha akasubiri mbalamwezi wavuvi wanapokaa nchi kavu, ndipo awatoe kwa bei anayoitaka yeye. Kijana alisikia jinai. Mama alikuwa analalamikia bei.

Nimehariri habari za mahakamani na za biashara jijini hapa kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya ugomvi wangu na waandishi vijana inatokana na maneno haya: mlanguzi, magendo, haramu, jangili, kishoka, muuza unga. Wanayatumia kwa zamu, ili neno moja lisijirudie kwenye aya, kana kwamba yote ni majina ya mtu yule yule. Siyo. Ulanguzi unauliza habari za bei. Magendo yanauliza njia mali iliyopitia. Haramu inauliza kitu chenyewe. Ujangili unauliza nani alikupa ruhusa. Ukichanganya, unamwandika mtu kwa kosa ambalo hakulitenda, na wakati mwingine kwa jambo ambalo hata si kosa.

Kulangua

Kulangua, kwa Kiswahili cha huku kwetu, ni kununua kwa wingi kitu ambacho watu watakihitaji, ukakishikilia mpaka kiadimike, ukauza kwa bei ya kuumiza. Mali ni halali, umeilipia, stakabadhi unayo. Ubaya uko kwenye bei, na kwenye roho ya muuzaji. Enzi za tiketi za karatasi, mechi kubwa ikija uwanja wa CCM Kirumba, tiketi zilikuwa zinaisha dirishani ghafla, halafu zinafufuka mikononi mwa vijana nje ya geti. Hao walikuwa walanguzi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi, neno lilirudi midomoni siku hiyo hiyo. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinunua mpunga Magu mwezi wa sita na kuufungulia mwezi wa pili. Ukoo mzima tulimwita mlanguzi, tena mbele yake, na wali wake tukala.

Lakini kuna wakati neno hili halikuwa la utani. Kuanzia 1973 Tanzania ilikuwa na Tume ya Bei, iliyopanga bei za bidhaa nyingi, na kuuza juu ya bei hiyo lilikuwa kosa. Kisha mambo yakafuatana. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikiwa inavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Katikati ya hapo, 1978 na 1979, vita vya Kagera vikala mafuta, magari na fedha za kigeni. Sabuni ikawa kitu cha kuulizana kwa kunong'ona. Sukari ilipangiwa foleni. Mwenye katoni tatu za sabuni ndani ya nyumba alikuwa tajiri, na hapo hapo alikuwa mlanguzi.

Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako mkubwa, redio ilizoesha taifa zima maneno mawili yaliyotembea pamoja kama mapacha: walanguzi na wahujumu uchumi. Bunge likapitisha sheria maalumu mwaka huo huo, na mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa kuchukua nafasi yake. Watu walitupa mali usiku. Mzee mmoja jirani yetu husimulia kwamba alifukia sabuni za miche chini ya banda la kuku, akaweka majani juu, akalala usingizi wa mwenye haki. Hakufikiria mvua. Masika yalipoingia, kuku wakaanza kutembea juu ya povu, na povu likatambaa hadi uani kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi, kwa bahati, naye alikuwa na yake chini ya kitanda.

Kilichonivutia siku zote katika hadithi hiyo ni kilichofuata. Bajeti ya 1984 ilianza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi ambaye watu walimbandika jina la Mzee Ruksa, na mzee wa banda la kuku akafungua duka. Sabuni zile zile, mtu yule yule. Mwaka 1983 alikuwa mlanguzi, na miaka michache baadaye alikuwa mfanyabiashara aliyechangia madawati shuleni. Sheria ya bei ilipolegea, ulanguzi ulitoka mahakamani ukarudi sokoni, kwenye lawama za kawaida, na huko ndiko mama wa dagaa alikoliokota neno lake.

Kenya neno lilichukua barabara nyingine. Vyombo vya habari vya huko vilihitaji neno moja fupi la mtu anayesafirisha na kuuza kilichokatazwa, vikamchukua mlanguzi: ulanguzi wa dawa za kulevya, ulanguzi wa binadamu, ulanguzi wa silaha. Kwetu sheria ya mwaka 2008 husemwa kuwa ni ya usafirishaji haramu wa binadamu, maneno mawili mahali pa moja, na mtu wa unga huandikwa mfanyabiashara wa dawa za kulevya. Sisemi Wakenya wamekosea. Neno lao ni fupi, na nikiri kwamba mara nyingi kichwa cha habari kikikosa nafasi nimelitamani. Ila ukiandikia msomaji wa Mwanza kwamba fulani ni mlanguzi wa binadamu, atajiuliza binadamu wameadimika wapi hadi wakapandishwa bei.

Magendo hayana mtu

Hapa sarufi yenyewe ina jambo la kutuambia. Uvuvi una mvuvi, ulanguzi una mlanguzi, ujangili una jangili. Magendo hayana mtu wake. Hakuna mmagendo. Unalazimika kusema mfanya magendo, au mtu wa magendo, au, kama wanavyosema vijana wa mpakani, "anapitisha". Na kweli kinachoitwa magendo kwanza ni mali: kahawa ya magendo, sukari ya magendo, mafuta ya magendo. Mtu anakuja baadaye, akifuata mzigo.

Sukari si kitu kibaya. Kahawa si kitu kibaya. Zinakuwa magendo kwa sababu ya njia zilizopitia, yaani zimevuka mpaka bila kuonyeshwa forodhani, bila ushuru au bila kibali. Ndiyo maana neno hili lina ndugu yake wa kudumu, njia za panya. Kwenye nchi kavu njia ya panya ni kichochoro nyuma ya mashamba ya mahindi karibu na Sirari. Ziwani haina hata alama. Ziwa Victoria lina nchi tatu, na maji hayana boma. Mtumbwi ukitoka kisiwani usiku na injini ikanyamaza, mpaka umepita chini yake bila mtu kuusikia.

Kagera wanalijua neno hili kwa harufu. Kahawa inavuka kwenda Uganda bei ya huko ikipanda, au mkulima akichoka kusubiri malipo ya chama cha ushirika wakati ada ya shule haisubiri. Serikali inaiita kahawa ya magendo. Mkulima anasema ameuza kahawa yake. Kuna pia butura, mnunuzi kununua kahawa ingali mtini, wakati mwingine ingali maua, kwa bei ya kutupa. Watu wa nje huchanganya butura na magendo. Butura ni unyonyaji unaofanyika ndani ya kijiji, hata kama kahawa ile haitaona mpaka maisha yake yote. Ukitafuta neno la kuifananisha nalo, ni ulanguzi uliogeuzwa kichwa chini: huyu anapunja anaponunua, mlanguzi anapunja anapouza.

Uganda, miaka ya 1970, magendo lilikuwa jina la uchumi mzima. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972 na maduka yao kugawiwa watu, bidhaa zikatoweka madukani, na wale walioneemeka katika upungufu huo wakaitwa mafuta mingi. Maneno yote mawili ni ya Kiswahili, yakisemwa katika nchi ambayo wengi hawakukipenda Kiswahili kwa sababu kilikuwa lugha ya askari. Wakayachukua hayo mawili tu, kama mtu anayeazima sufuria bila kuwasalimia wenye nyumba.

Kwetu siku hizi ukisikia magendo mwaloni, pale boti za wavuvi zinaposhusha mzigo, uwezekano ni mkubwa kwamba linatajwa bondo. Bondo ni kile kifuko cha hewa ndani ya tumbo la sangara. Zamani kilitupwa, leo kinakaushwa kwa uangalifu kuliko samaki mwenyewe, kwa sababu soko la China linakilipia pesa ambayo minofu haiipati. Ni chepesi, kinaingia mfukoni, hakinuki sana kikishakauka. Bondo ni halali kabisa. Mwenye leseni aliyelipia mrabaha anauza bondo. Aliyelivusha ndani ya begi la nguo ana bondo la magendo. Ukiyaweka mabondo hayo mawili mezani hutayatofautisha.

Haramu, au kitu kinapobadilika jina kikivuka barabara

Haramu ni neno la dini lililoajiriwa serikalini. Nguruwe ni haramu kwa Mwislamu, lakini muuza kitimoto wa Nyakato ana leseni ukutani. Kokoro halijatajwa na msahafu wowote, lakini ni nyavu haramu. Kwa hiyo ukiona neno haramu kwenye habari ya ziwani, weka dini pembeni, tafuta kanuni. Kwenye uvuvi haramu kilichokatazwa ni chombo, yaani kokoro linalokokotwa ufukweni na kukusanya hadi mayai, au timba, zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki. Au ni umri wa samaki.

Hapa nilishuhudia kwa macho. Ofisa uvuvi alikuwa na ubao wenye vipimo, akilaza sangara mmoja mmoja, pua ikigusa kizuizi cha mwanzo, mkia ukinyooshwa kwa kidole. Kwa kanuni zetu sangara wa chini ya sm 50 haruhusiwi. Mmoja akafika 49 na nywele. Mvuvi akaomba mkia uvutwe kidogo. Ukavutwa. Mkia wa sangara una mwisho wa kuvutika, na yule hakufika. Samaki yule, aliyevuliwa kwa nyavu halali, na mvuvi mwenye leseni, mchana kweupe, akawekwa upande wa samaki haramu. Mwaka 2018, wakati wa Operesheni Sangara, nyavu na samaki wa upande huo walichomwa moto mwaloni baada ya mwaloni, na mpaka leo wapo wanaohesabu umri wa watoto wao kwa moto ule.

Haramu hubadilika pia kwa tarehe. Ule mfuko wa plastiki tuliouita rambo ulikuwa mfuko tu hadi Mei 31, 2019. Juni 1 ukawa bidhaa iliyopigwa marufuku, na kijana aliyekuwa akiuuza sokoni kwa kupayuka akaanza kuuuza kwa kunong'ona. Hubadilika kwa mahali pia. Mirungi, Kenya ni zao la biashara lenye wakulima na magari yanayokimbia nayo usiku. Tanzania ni dawa ya kulevya. Kati ya Isebania na Sirari hakuna mto wala mlima, kuna barabara na geti. Kitita kile kile upande mmoja kina muuzaji, upande wa pili kina mshtakiwa. Na huyo akikamatwa, waandishi wawili wa nchi mbili wataandika maneno mawili: wa Nairobi ataona mtu wa magendo, kwa kuwa kwao mali haina shida, njia ndiyo mbaya. Wa Mwanza ataona muuza dawa za kulevya. Wote wawili watakuwa sawa.

Pombe nayo ina kisa chake. Gongo, ambayo sheria yetu inaitaja kwa jina la moshi, ni haramu kuitengeneza na kuiuza kienyeji. Kenya walihalalisha chang'aa kwa sheria ya mwaka 2010, kwa masharti ambayo wapikaji wengi hawawezi kuyatimiza, kwa hiyo kinywaji kikawa halali huku mama anayekipika akibaki pale pale alipokuwa.

Neno hili haramu nalitilia shaka mahali pamoja tu, pale linapobandikwa kwa mtu. Wahamiaji haramu, tunaandika kila wiki. Nyavu zinaweza kuwa haramu. Binadamu aliyepita mpaka bila hati amevunja sheria, na Kiswahili kina maneno ya kusema hivyo bila kumfanya yeye mwenyewe kuwa kitu cha kutupwa.

Jangili tulipite haraka, maana lenyewe halina utata: ni mwindaji asiye na kibali, na kwa sisi tunaopakana na Serengeti halihitaji kamusi. Cha kushangaza ni jina la alichobeba. Pembe, ngozi, hata kipande cha nyama ya nyumbu aliyekaushwa, mahakamani vyote huitwa nyara za Serikali. Nyara ni mali ya vitani. Mwanakijiji wa Bunda anayesomewa shitaka la kukutwa na nyara za Serikali husikia kama ameteka kambi ya jeshi, kumbe ni mnofu wa kitoweo. Siku hizi yako mabucha ya nyamapori yenye leseni, na nyama ile ile humo inaitwa nyama.

Unga, kete na teja

Jikoni na mtaani tunashiriki neno unga, na pande zote mbili zimekubali kuishi nalo. Mama anayeuza unga wa muhogo Buzuruga hatasema kamwe "mimi ni muuza unga". Atasema "nauza unga wa ugali", au "niko mashineni". Muuza unga, bila maelezo zaidi, ni mtu wa heroini na kokeini. Hata sembe limeshachafuliwa hivyo hivyo. Nimewahi kufuta kichwa cha habari cha mwandishi mmoja kuhusu wenye mashine za kusaga, kilichosema "Wauza unga walia na umeme". Habari ilikuwa ya kweli. Kichwa kingetuchekesha mkoa mzima.

Maneno mengi ya biashara hii yamekopwa nyumbani, na ukiyafuata unaona yalivyokuja. Kete ilikuwa ya bao, leo magazeti yanaandika kete za heroini na kete za bangi. Punda ni anayebeba mzigo wa mtu mwingine, mara nyingi tumboni, na kama punda halisi hana hisa katika mzigo. Pusha ni muuzaji wa rejareja wa kijiweni. Juu kabisa yuko zungu la unga, ambaye hajawahi kuigusa kete kwa mkono wake. Kilichonisikitisha nilipokitambua ni teja. Neno hilo la mtu aliyezama kwenye unga limetoka kwa mteja. Ondoa m-, mpeleke kwenye ngeli ya majitu na mabaya, wingi wake mateja, na mnunuzi umemgeuza takataka. Muuzaji amebaki na m- yake.

Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015, huandika dawa za kulevya. Mtaani na redioni wengi husema madawa ya kulevya. Wanasarufi watakuambia dawa wingi wake ni dawa. Ni kweli, ila ma- hii ni ile ile ya mateja, ya kukuza na kuchukia, na mtu anayesema madawa mara nyingi anajua anachofanya.

Halafu kuna papa na dagaa. Kila operesheni ikifanyika utasikia: mnakamata dagaa, mapapa mnawaacha. Usemi huu umetufikia kutoka pwani, na pwani una akili. Ziwani kwetu papa hayupo. Anayemeza dagaa huku ni sangara, mgeni aliyepandwa miaka ya 1950, ambaye aliwamaliza furu wengi, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, na anakula hata watoto wake mwenyewe. Kwa nini tunaazima papa wakati tuna huyu, sijui. Labda kwa sababu sangara tunamuuza.

Wa feki na wa vichochoroni

Kuna kundi ambalo kosa lake si bei, njia, wala ruhusa ya kitu, ila uongo. Dawa bandia, mbegu feki, betri za kuungaunga. Bandia zamani ni mwanasesere, kitu chenye sura ya mtu kisicho mtu, na kwa dawa ya malaria iliyojaa chokaa hujapata neno bora zaidi. Mchakachuaji ni yule aliyechanganya mafuta ya taa kwenye petroli. Neno lilitoka kwenye vituo vya mafuta, uchaguzi wa 2010 ukaliingiza kwenye masanduku ya kura, na sasa hata chai yenye maji mengi imechakachuliwa. Kishoka ni wa namna yake. Huyu hauzi kitu, anauza nafasi ambayo hana. Anajifanya fundi wa umeme wa shirika, wakala wa viwanja, mtu wa ndani anayeweza kukuharakishia. Kuna kishoka aliwahi kunipitishia fomu katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja, akachukua pesa yangu, na siku tatu baadaye nikagundua fomu zenyewe hutolewa bure dirisha la pili.

Nimekutana pia na waandishi wanaomtia mmachinga kwenye orodha hii. Mmachinga hana mali haramu. Kosa lake, linapokuwepo, ni mahali alipotandika turubai. Pale Makoroboi nimeona mtu akifukuzwa asubuhi na soksi zake, akirudi jioni na soksi zile zile. Desemba 2018 vilipotoka vitambulisho vya shilingi 20,000, jina lake kwenye karatasi likawa mjasiriamali mdogo. Soksi hazikubadilika.

Mahakamani, jambo la kuchekesha ni kwamba karibu wote hawa wana jina moja. "Mfanyabiashara, mkazi wa Igoma, amefikishwa mahakamani." Wa pembe ni mfanyabiashara, wa unga ni mfanyabiashara, wa mabondo pia. Ni kazi aliyoitaja mwenyewe kwa karani, basi. Wenye maduka halali wamewahi kunipigia simu wakilalamika, na nawaelewa, lakini siwezi kumwandika muuza unga mtu ambaye hajahukumiwa. Huyo bado ni "anayedaiwa kuuza", na hilo ndilo neno ninalolilinda kuliko yote niliyoyataja hapa. Uhujumu uchumi nao umebaki, umri wake unazidi miaka arobaini, ila siku hizi haumtafuti mwenye katoni za sabuni. Unaambatana na nyara, dawa za kulevya na utakatishaji fedha, na mshtakiwa anaposikia neno hilo swali lake la kwanza kwa wakili ni dhamana.

Kijana wa Migori siku ile alinunua kwa mama. Aliomba stakabadhi, wakaenda pamoja ofisi ya uvuvi kuchukua kibali cha kusafirishia, kwa sababu bila karatasi ile magunia yake yangeondoka Kirumba yakiwa dagaa na kufika Sirari yakiwa magendo. Hayo alikuwa anayajua vizuri kuliko mimi.

Wiki mbili baadaye mwezi ulikuwa mpevu. Meza ya mama ilikuwa tupu, imefunikwa kanga. Nilimkuta kijana yule amesimama mbele ya stoo ya mzee, amekunja mikono nyuma, na shikamoo aliyojifunza Mwanza.

"Marahaba," mzee akasema, akitafuta funguo. "Leo gunia bei imebadilika kidogo, mwanangu."